Pima Kwanza, Ndipo Ukate

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yamechapwa hapa kama yalivyosemwa, kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, mabaraza na komite za wahami

  

Juma lililopita tulizungumza juu ya mabaraza na kazi yake ya kusuluhisha. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine mtalidhani ni la wafanyakazi wa mashirika peke yao. Ni hili: namna ya kutafuta dawa ya tatizo pamoja na wenye tatizo, kabla fedha hazijatumika na kabla watu hawajagombana kwa sababu ya dawa isiyofaa.

Mtaniuliza: jambo hili linahusu nini na amani? Nitajibu. Katika jimbo letu la Tanganyika, msaada uliopangwa vibaya haupotei bure tu. Huacha ugomvi nyuma yake. Pompi ikijengwa upande mmoja wa barabara, watu wa upande wa pili huuliza, "Na sisi je?" Orodha ya chakula ikiandikwa na mtu mmoja chumbani mwake, wale waliokosa majina hawailaumu karatasi, humlaumu jirani aliyepata. Mwenye shirika atapanda gari lake arudi mjini. Jirani na jirani watabaki.

Na si msaada tu. Mnakumbuka mwaka 2016, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipochacha upya, moja ya cheche zilizotajwa ilikuwa ushuru waliotozwa Watwa juu ya viwavi wanavyookota porini kwa chakula na kwa kuuza. Sisemi kwamba vita nzima ilitoka katika viwavi. Mizizi yake ni ya zamani: ardhi, kazi isiyolipwa kwa haki, kudharauliwa. Lakini tazameni cheche yenyewe. Ni amri iliyopangwa bila kumwuliza yule atakayeibeba. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpango wowote, uwe wa serikali, wa shefu au wa shirika, ni kama kitanda: wapo wanaokitengeneza, na wapo watakaokilalia.

Fundi mshoni anatufundisha

Wasomi wanaiita njia hii fikra ya usanifu. Msanifu ni mtu anayefikiri na kuchora kitu kabla hakijatengenezwa: nyumba, kiti, mtumbwi, hata utaratibu wa kugawa chakula. Njia hii ilikuzwa sana Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford na katika kampuni ya wasanifu iitwayo IDEO, iliyoundwa mwaka 1991. Mwanzoni ilitumika hasa kwa vitu vya biashara. Mwaka 2009 IDEO ilitoa kitabu cha mafunzo cha bure kwa mashirika yanayofanya kazi na watu maskini, na mwaka 2010 Tim Brown na Jocelyn Wyatt waliandika makala kueleza jinsi mashirika yasiyotafuta faida yanavyoweza kuitumia. Lakini maarifa yenyewe hayako mbali nasi. Yako kwenye kila kibaraza ambapo fundi ameweka cherehani yake.

Mtazameni fundi. Mama amemletea kitenge kizuri, ametumia fedha nyingi. Fundi hakikati papo hapo. Kwanza anauliza: ni nguo ya kanisani, ya msibani au ya kwenda sokoni? Je, una mtoto wa kunyonya? Kisha anachukua utepe wake, anampima begani, kifuani, kiunoni. Anamwonyesha mitindo miwili mitatu. Wakishakubaliana, anakata, halafu anapiga bandi, yaani ule uzi mrefu wa kushikiza tu, unaofumuliwa kwa urahisi. Anamvalisha. "Inua mikono, mama. Inama. Kaa kidogo." Inabana kwapani? Anafumua, anarekebisha. Ndipo anapiga cherehani.

Fikra ya usanifu ndiyo hiyo hiyo, na hatua zake ni tano.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza na kutazama. Usimwulize mtu tu anachotaka. Kaa naye, tazama anachofanya, maana mara nyingine mambo mtu anayoyafanya kila siku hata yeye mwenyewe hayataji.

Hatua ya pili ni kulitaja tatizo lenyewe. Mtu akisema "tunakosa pompi", hapo ametaja dawa. Tatizo ni lile linalomfanya aitamani pompi.

Hatua ya tatu ni kukusanya mawazo mengi bila kuyadharau, hata ya mtoto na ya bibi kizee.

Hatua ya nne ni kupiga bandi: kujaribu wazo kwa udogo, kwa gharama ndogo, kwa muda mfupi.

Hatua ya tano ni kuwavalisha wenyewe na kuwauliza wapi panabana, halafu kuwa tayari kufumua.

Mashirika mengi hufanya hatua ya kwanza kwa haraka, wanaruka ya pili, ya tatu na ya nne, kisha wanapiga cherehani. Nguo ikibana, mwenye mwili ndiye analaumiwa: "Watu hawa hawapendi maendeleo."

Klorini ya Busia

Niwape mifano mitatu ya kweli, yote ya upande wetu huu wa Afrika.

Wa kwanza unatoka Busia, magharibi ya Kenya. Sisi wa Kalemie tunaijua kolera, wala hatuhitaji kuelezwa. Maji ya ziwa na ya mito ni uhai wetu, na mara nyingine ni maradhi yetu. Huko Busia pia watu walichota maji ya chemchemi yasiyo salama, na watoto wakaharisha. Dawa ilijulikana: klorini. Iliuzwa madukani katika chupa ndogo, na bei haikuwa kubwa. Watu walifundishwa faida zake. Hata hivyo jamaa chache tu ziliitumia.

Watu wengine wangesema: tuongeze mafundisho, hawa hawajaelewa. Watafiti waliokuwa huko, mmoja wao Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifuata njia nyingine. Waliangalia safari ya maji tangu chemchemi hadi kikombe. Mama anafika nyumbani amechoka, mtoto analia, moto umezimika, chupa ya klorini iko mahali fulani juu ya kabati. Akiitia, lazima angoje dawa ifanye kazi kabla ya kunywa. Na hakuna jirani anayeona kama ametia au hakutia. Basi klorini ikaletwa pale pale kwenye chemchemi, katika tangi dogo la buluu lenye valvu inayotoa kiasi kinachotosha bidoni moja. Mama anaweka bidoni, anazungusha valvu, anachota maji, anaondoka. Akifika nyumbani, njia imekwisha kumchanganyia na kumngojea. Mtu mmoja aliyechaguliwa na wenyewe analijaza tangi na kuwakumbusha wengine.

Matokeo? Zaidi ya nusu ya jamaa za pale walianza kutia klorini, na baadaye matangi ya namna hiyo yakaenea Kenya, Uganda na Malawi hata yakahudumia watu mamilioni. Klorini ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali, saa na mkono. Na wengi wenu mmekwisha kuona wazo la namna hii hapa ziwani, wakati wa kolera, wafanyakazi wanaposimama kando ya maji na kutia klorini ndani ya bidoni za wachotaji.

Chumba cha Beni

Mfano wa pili ni wa nchi yetu wenyewe. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa huo ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mnakumbuka pia jinsi watu walivyoviogopa vituo vya matibabu. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Watu wa mbali walisema: ni ujinga, ni uvumi.

Lakini mwulize mama wa Beni, atakueleza. Mtoto wake anachukuliwa na watu waliojifunika mwili mzima, macho tu yanaonekana. Anaingizwa nyuma ya ukuta wa turubai. Mama haruhusiwi kuingia. Baada ya siku tatu anaambiwa amekwisha kufa, na maiti iko ndani ya mfuko uliofungwa. Je, mama huyo akiuliza, "Mmemfanyia nini mwanangu?", ni ujinga? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Shirika la waganga liitwalo ALIMA, baada ya kuona mambo hayo katika Ebola ya Afrika ya Magharibi ya miaka 2014 hadi 2016, lilitengeneza chumba ambacho kuta zake ni plastiki angavu, unaona ndani kama unavyoona kupitia dirisha. Katika kuta hizo kuna glavu zilizoshikizwa, ili mwuguzi aingize mikono na kumhudumia mgonjwa akiwa nje. Mwaka 2018 vyumba hivyo vilitumika Beni. Jamaa wakakaa karibu, wakamwona mgonjwa wao, wakazungumza naye, wakaona anapewa maji, anapewa dawa.

Sitawadanganya kwamba plastiki iliishinda Ebola. Chanjo ilifanya kazi kubwa, na kazi ya wauguzi na ya wananchi waliowahimiza wenzao. Lakini fikirini: waliotengeneza chumba kile waliichukua hofu ya watu kama habari ya kweli, kama fundi anavyochukua kipimo. Hawakumkaripia mama. Waliuona ukuta na kuubadilisha.

Vocha badala ya mafungu

Mfano wa tatu mnaujua, kwa sababu wengi wenu mmeupitia. Zamani, jamaa za wahami zilipofika mahali, kila moja ilipewa fungu lile lile: sufuria, blanketi, bidoni, sabuni na vitu vingine. Jamaa ya watu wawili na jamaa ya watu kumi zilipata karibu sawa. Aliyetoroka na sufuria zake alipewa sufuria nyingine. Asiyekuwa na nguo ya kubadilisha hakupewa nguo. Siku ya pili vitu vilikuwa sokoni, vikiuzwa kwa hasara. Wengine walikasirika: "Tunawapa, wanauza!"

Kumbe kule kuuza kulikuwa jibu. Mama aliyeuza blanketi alikuwa anasema, kwa mdomo wa soko, kwamba alihitaji kitu kingine. Tangu mwaka 2008, UNICEF na mashirika yaliyofanya kazi pamoja nayo mashariki ya Kongo yalianza kufanya masoko ya vocha. Jamaa inapewa vocha za thamani fulani, wachuuzi wa mahali pale wanaleta bidhaa, kila mama anachagua mwenyewe: huyu vitenge, huyu godoro, huyu sufuria kubwa kwa ajili ya kupika na kuuza. Na mchuuzi mwenyeji, ambaye zamani alitazama magari ya msaada yakipita mbele ya duka lake tupu, sasa naye anapata faida. Hapo amani inaingia, maana mwenyeji aliyepata faida kwa kuja kwa mhami hatamwona kuwa mzigo tu.

Tujaribu wenyewe

Sasa tuweke mfano wa kutunga, ili tuone hatua zote. Tuseme kuna kijiji cha wenyeji, na kando yake kambi ya wahami, na pompi ni moja. Kila asubuhi kuna matusi. Bidoni zimepasuliwa. Kijana mmoja amepigwa kichwani. Viongozi wanakutana wanaandika barua kwa shirika: "Tunaomba pompi ya pili."

Barua hiyo si mbaya. Lakini jibu litachukua miezi, na pengine ni hapana. Tena, pompi ya pili ikija na matusi yale yale yakiwa bado, tutakuwa na pompi mbili za kugombea. Basi tuanze hatua ya kwanza. Mchague watu wanne, wawili wa kijiji na wawili wa kambi, na nusu yao wawe wanawake. Wakae karibu na pompi siku tatu, tangu alfajiri hadi usiku unapoingia. Hata kama hawajui kusoma, wahesabu kwa mawe: bidoni moja, jiwe moja, marundo ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Na waulize kwa upole: unatoka wapi, unakwenda wapi baada ya hapa?

Pengine watagundua mambo ambayo hakuna aliyeyasema kwenye mkutano. Kwamba foleni ni ndefu asubuhi tu, kwa sababu akina mama wa kambi lazima wawahi kulima mashamba ya watu kwa kibarua, na akina mama wa kijiji nao wanataka maji kabla ya jua kali. Kwamba mchana pompi imefungwa kwa kufuli, kwa sababu mlinzi wake halipwi kitu, naye amekwenda kulima. Kwamba wale wanaosukumwa mwisho wa foleni ni wale wale kila siku, mama wa Kitwa wanaotoka mbali. Na kwamba wengine wamekwisha kukata tamaa, wanachota mtoni, wala hawaonekani kwenye foleni. Huyu wa mwisho ndiye wa kutafutwa sana, kwa kuwa asiyefika pompini hana jiwe katika rundo.

Hatua ya pili: tulitaje tatizo upya. Tusiseme "pompi haitoshi." Tuseme: "Tufanye nini ili kila mama, wa kijiji na wa kambi, Mtwa au Mluba au Mtabwa au Mbembe, ajaze bidoni yake kabla ya kwenda kazini, bila kutukanwa?" Mnaona tofauti? Swali la kwanza lina jibu moja, nalo liko mkononi mwa tajiri. Swali la pili lina majibu mengi, na mengine yako mikononi mwetu.

Hatua ya tatu, mawazo yaje. Walinzi wawe wawili, mmoja wa kila upande. Pompi ifunguliwe mchana na jioni. Bidoni zipangwe kwa namba, watu wakae kivulini. Jamaa zimsaidie mlinzi kulima siku moja kwa juma badala ya kumlipa franka ambazo hazipo.

Hatua ya nne, bandi. Chagueni wazo moja au mawili, mjaribu kwa juma moja tu. Walinzi wawili, kufuli lifunguliwe mchana. Gharama yake ni ndogo mno.

Hatua ya tano, hesabuni mawe tena, na waulizeni waliokuja na wasiokuja. Tuseme foleni ya asubuhi imepungua, lakini wale wa mtoni hawajarudi. Basi msifurahi mapema. Wafuateni. Huenda watasema, "Saa si tatizo. Tunatukanwa." Hapo mmejua kwamba nguo bado inabana mahali fulani. Fumueni. Mmoja wao awe mlinzi. Na baada ya hayo yote, kama maji bado hayatoshi, andikeni ile barua ya pompi ya pili, mkiambatanisha hesabu ya mawe yenu na sahihi za pande zote mbili. Barua ya namna hiyo ina uzito, kwa kuwa shirika litaona watu waliokwisha kupima na waliokwisha kuelewana.

Maonyo manne

Njia hii si hirizi, wasikilizaji. Ina hatari zake, hasa mahali palipotoka vitani kama hapa kwetu.

Onyo la kwanza: kuuliza ni kama kuahidi. Jamaa za wahami zimekwisha kuulizwa mara nyingi na watu wenye makaratasi, kisha kimya. Anayekuja kuuliza aseme mapema ana uwezo gani na hana uwezo gani. Na baadaye arudi kusema: mlituambia hivi, tumefanya hivi, hili halikuwezekana kwa sababu hii.

Onyo la pili: anayejibu upesi si lazima awe anajibu kwa niaba ya wote. Mkutano ukifanyika mbele ya wakubwa, mkubwa atasema na wengine wataitikia kwa vichwa. Waulizeni wanawake wakiwa na wanawake wenzao, vijana na vijana, Watwa mahali wanapojisikia huru. Mwenyekiti wa kambi asikasirike kwa hilo, maana yeye pia atasaidiwa kujua yaliyofichwa.

Onyo la tatu: bandi ionekane kuwa bandi. Mahali penye shuku, jaribio dogo laweza kuwasha moto. Mkijaribu jambo upande mmoja kwanza, upande wa pili utasema mmependelea. Basi tangazeni kwa pande zote mbili, siku moja, kwa maneno yale yale: hili ni jaribio, litakwisha siku fulani, tutalipima pamoja, na tumeanza hapa kwa sababu hii. Ikiwezekana pigeni kura mbele ya watu kuchagua pa kuanzia.

Onyo la nne: msiulize yanayoweza kumdhuru mtu. Anayetafuta namna ya kupunguza foleni ya maji hana haja ya kujua nani alikuwa na silaha mwaka gani, wala nani alimchomea nani nyumba. Mambo hayo yana mahali pake na watu wake.

Ni haki, si hisani

Mimi nilisomea sheria, basi mnivumilie niseme neno la sheria. Kumshirikisha mhami katika mipango inayomhusu si ukarimu wa shirika. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya wahami wa ndani, za mwaka 1998, katika kanuni ya 18, zinasema jitihada za pekee zifanywe ili wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa mahitaji ya lazima. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwezi wa Oktoba 2009, katika kifungu cha 9, unazitaka nchi ziwashauri wahami na kuwapa nafasi katika maamuzi ya ulinzi na msaada wao. Na hapa nchini tuna Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda na kukuza haki za ndugu zetu Wambilikimo wenyeji, ambao hapa Tanganyika tunawaita Watwa.

Kwa hiyo shirika likija na mpango uliokwisha kushonwa, mna haki ya kuuliza kwa heshima: "Mlimpima nani? Mlipiga bandi wapi? Ikibana, mtafumua?" Maswali hayo si ukorofi. Shirika lenye nia njema litayashukuru. Na ninyi wazee mashefu, nanyi mkipanga salongo ya mtaa, mchango au sheria ya soko, kubalini kuulizwa vivyo hivyo. Heshima ya mzee haipungui kwa kuuliza, kwani kuuliza si ujinga.

Kwa vikundi vya wasikilizaji

Juma hili, katika baraza lenu au chini ya mwembe wenu, zungumzeni maswali haya matatu. Kwanza: ni msaada gani uliwahi kuletwa kwenu ambao watu waliuza, waliuacha au waligombea, na je, mnadhani walikuwa wanasema nini kwa kufanya hivyo? Pili: chagueni ugomvi mmoja mdogo unaorudi kila siku, wa maji, wa kuni, wa mbuzi kuingia shambani, mlitaje tatizo lake bila kutaja dawa. Tatu: ni jambo gani mnaweza kulijaribu kwa juma moja, pande zote mbili pamoja, bila kungoja fedha ya mtu?

Anzeni na udogo. Watu waliokaa siku tatu pamoja wakihesabu mawe kando ya pompi, mmoja wa kijiji na mmoja wa kambi, watakuwa wamezungumza mengi kuliko maji. Watajuana majina, na watajua mtoto wa nani anaumwa. Hapo pompi itakuwa imefanya kazi mbili.

Tutakutana tena juma lijalo, Mungu akipenda, tuzungumze juu ya ardhi na hati za mashamba kwa wale wanaotaka kurudi vijijini. Hadi hapo, wasikilizaji wapenzi, mbaki na amani.